Nataka programu izime sauti ya Windows, mbona saa nyingine inaiwasha?

Swali: Mkuu habari, naandika kiprogramu cha C# kwa kompyuta za maktaba ya chuo, mtu akilogini tu sauti izimwe. Nimetumia keybd_event (amri ya kubonyeza kitufe cha kibodi kwa kodi) na 0xAD, kuna siku inazima vizuri, kuna siku ndo inawasha kabisa. Shida nini?

Jibu: Salama mkuu. Hiyo 0xAD ni kile kitufe cha mute cha kwenye kibodi, kazi yake kugeuza tu, kikikuta sauti ipo kinazima, kikikuta imezimwa kinawasha. Na Windows haisahau mute hata ukirestati, kwa hiyo jana uliizima, leo asubuhi programu yako inabonyeza tena na maktaba nzima inasikia bongo fleva. Ukitumia WM_APPCOMMAND (ujumbe wa Windows wa kutuma amri kama mute) ni yaleyale, nayo inageuza.

Wewe usibonyeze, iambie Windows unataka iwe kwenye hali gani. Tangu Windows Vista kuna Core Audio, sehemu ya Windows inayosimamia sauti, ndani yake IAudioEndpointVolume yenye SetMute ya kuweka mute na GetMute ya kuisoma, ila kwa C# usijitese kuandika zile intafesi za COM (njia ya Windows ya programu kuitana) mwenyewe, vuta NAudio, kodi ya sauti iliyokwisha andikwa, kutoka NuGet, ghala la vifurushi vya C#, halafu:

using NAudio.CoreAudioApi;
var vifaa = new MMDeviceEnumerator();
var spika = vifaa.GetDefaultAudioEndpoint(DataFlow.Render, Role.Multimedia);
spika.AudioEndpointVolume.Mute = true;

Basi. Uiite hata mara mia, itabaki kimya. Mtu akikushauri waveOutSetVolume achana naye, hiyo ilifaa enzi za XP, siku hizi inagusa sauti ya programu yako tu, YouTube ya jirani inaendelea kupiga kelele.

Sasa kitu wengi wanakisahau, mute inakaa kwenye kifaa, haikai kwenye kompyuta nzima. Mwanafunzi akichomeka hedifoni za USB Windows kwa kawaida inahamia huko na huko sauti ipo, kwa maktaba hiyo ni poa tu. Ila akija na spika ya bluetooth ndo balaa, hapo itabidi usajili IMMNotificationClient (inayopokea taarifa za vifaa vya sauti) usikilize OnDefaultDeviceChanged, kifaa kikibadilika ukichukue upya kwa GetDefaultAudioEndpoint na uzime tena. Ila kazi hiyo usiifanyie ndani ya hiyo kolbaki yenyewe (hiyo OnDefaultDeviceChanged ambayo Windows inaiita), irushe kwenye thredi nyingine, yaani ifanyike pembeni, maana kolbaki haitakiwi kusubirisha kitu.

Na mtu akiwasha sauti mwenyewe kwa mkono, OnVolumeNotification ya hiyo AudioEndpointVolume itakuambia. Mimi ningemuachia mkutubi amalizane naye.