Kwa wapya wa dawati la maoni: wa kwetu nao wakaguliwe

Wadogo zangu, nimezisoma rasimu zenu za wiki hii na zimenichosha. Mimi ni mliberali, ninyi pia, hilo si siri. Lakini karibu zote zinaanza kwa kumwita mwandishi wa safu kibaraka wa Warepublikani, na hadi aya ya mwisho msomaji hajaambiwa jamaa kasema nini. Basi sikilizeni.

1. Fuata hela kwanza. Armstrong Williams alilipwa dola 240,000 na Wizara ya Elimu ya serikali ya Bush aipigie debe sheria ya No Child Left Behind, na wasomaji wake hakuwaambia. Ilipofichuka Januari 2005, shirika lililosambaza safu yake lilimtema. Kwa mtu wa namna hiyo huhitaji tusi. Weka kiasi na jina la mlipaji, inatosha.

2. Uliza jana alikuwa na nani. Mwaka 1980 mwandishi wa safu George Will alimsaidia Reagan kujiandaa kwa mdahalo dhidi ya Carter, kisha akaketi kwenye televisheni ya ABC kumsifu alivyofanya vizuri. Hiyo mnaipenda, najua. Mbona hakuna aliyeniletea ya Donna Brazile, mchambuzi wa CNN aliyeipenyezea kampeni ya Hillary Clinton maswali mwaka 2016? Au Chris Cuomo, aliyekuwa akimshauri kaka yake, gavana wa New York, huku akitangaza CNN, hadi akafukuzwa Desemba 2021? Mkuki kwa nguruwe! Na huyo Will alikihama chama cha Republican mwaka 2016 kwa sababu ya Trump, na tangu hapo watu wetu wanamnukuu kama mtume. Mtu ni yuleyule, tai ileile.

3. Soma ripoti kabla ya kumsoma aliyeiandika. Hapa nina deni.

Februari 2024 Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu, alitoa ripoti yake kuhusu nyaraka za siri alizobaki nazo Biden. Hakupendekeza mashtaka, ila aliandika kwamba mbele ya wazee wa baraza Biden angeonekana mzee mwema, mwenye kumbukumbu mbovu. Nilishika kalamu usiku uleule. Hur ni Mrepublikani, Trump ndiye aliyemfanya mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko Maryland, kesi imekwisha. Kwamba kazi hii alipewa na Merrick Garland, mwanasheria mkuu wa Biden mwenyewe, hilo nililitupia kwenye mabano. Usiku huo Biden, akijitetea mbele ya waandishi, alimwita Abdel Fattah el-Sisi, rais wa Misri, kuwa ni rais wa Meksiko. Kijana wa zamu akaniuliza, "Kaka, na hili la Sisi tunalifanyaje?" Nikamjibu kwamba ulimi hauna mfupa. Makala ikatoka bila Sisi.

Mwezi uliofuata nakala ya mahojiano ikawekwa wazi. Mnajua niliisomaje? Kwa kitufe cha kutafuta. Nilitafuta "Beau", maana Hur alisema Biden hakukumbuka mwanawe alifariki lini. Nikakuta ametaja tarehe 30 Mei kwa kinywa chake, nikaupaka mstari huo rangi ya njano, nikamzikia Hur hapo. Mstari unaofuata, mwaka 2015 unatajwa na watu wengine mle chumbani, naye anauliza kama ndio huo. Huo sikuupaka. Ezra Klein wa New York Times, mtu wetu kabisa, alikuwa ameshasema Februari ileile kwamba Biden apishe. Nilimwita mwoga.

Tarehe 27 Juni ukaja mdahalo wa Biden na Trump huko Atlanta, na Biden akababaika. Dakika za mwanzo tu simu yangu ikaanza kuita. Heri wangenitukana. Msomaji mmoja aliandika maneno mawili: "Ulikuwa unajua?" Sikuwa najua, kwa kuwa nilihakikisha sijui. Biden alijitoa tarehe 21 Julai, na ile makala yangu ya njano bado iko hewani, yeyote anaweza kuifungua.

Hur kuwa Mrepublikani lilikuwa jambo la kutaja. Sentensi moja ilitosha, halafu kurasa zake zijibiwe kwa kurasa.

4. Tahariri si safu, na safu si habari. Washington Post ilipoacha kumuunga mkono mgombea yeyote Oktoba 2024, mwamuzi alikuwa mwenye gazeti, Jeff Bezos, na waandishi wake kadhaa wa safu waliupinga uamuzi huo humohumo gazetini. Sasa nani kaandika kwamba "waandishi wa Post walimkacha Harris"? Arekebishe.

5. Weka daftari la utabiri. Thomas Friedman, mwandishi wa safu wa New York Times, aliiunga mkono vita ya Iraki mwaka 2003, kisha kila mara akawa anatuambia miezi sita ijayo ndiyo itakayoamua, hadi wanablogu wakaita kipindi cha miezi sita "Friedman" moja. Daftari liwe la wote. Anayeandika kuhusu mchumi wetu Paul Krugman alete na utabiri wake wa usiku wa uchaguzi wa 2016, alipoashiria kwamba masoko ya hisa hayatainuka tena. Aliufuta mwenyewe siku chache baadaye, na hilo nalo liandikwe.