Re: Wazee hawakumbuki miaka, tutaandikaje historia ya kijiji?

Usimuulize mzee mwaka, ndugu yangu. Kwa kuwa kijiji chenu kiko Kimilili, kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, muulize alitahiriwa na rika gani. Wabukusu hutahiri Agosti, kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo rika pekee linakupa kipindi. Kisha uliza: ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1963 au baadaye? Dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930 ilishaanza kuchimbwa? Yale aliyosimuliwa na babu yake kuhusu vita vya Chetambe vya 1895, Wabukusu walipopigana na Waingereza, yaandike kando, maana hakuyaona.

Mrekodi kwa Kibukusu, tafsiri ifuate. Na kina mama wazee jamani, msiwaruke! Wao ndio wanajua nani aliolewa kutoka wapi.