Kinanda cha mdomo chenye kitana cha mbao: tengeneza mbao kwanza, ndimi baadaye

Swali: Fundi, nina kinanda cha mdomo aina ya Hohner Marine Band, cha ufunguo wa C, nilichoachiwa na mjomba wangu. Meno ya mbao yametokeza mbele na yananichuna midomo. Tundu la 4 nikivuta pumzi halitoi sauti ya kueleweka, na programu ya kupimia sauti kwenye simu inaonyesha kwamba tundu la 5 la kuvuta limeshuka. Mmoja kaniambia nikiloweke kwenye maji kabla ya kupiga, mwingine kaniambia nitoe mbao niweke plastiki. Nifuate lipi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndugu msomaji, usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Kinanda chako ni cha aina inayotengenezwa Trossingen, Ujerumani, tangu mwaka 1896, na muundo wake ni rahisi kuuelewa: kitana cha mti wa peasi chenye vyumba 10 vya hewa, mabamba mawili ya shaba ya njano yenye ndimi 20 (vipande vyembamba vya shaba vinavyotetema na kutoa sauti), na vifuniko viwili vya bati, vyote vimeshikwa kwa misumari midogo. Bamba la juu ni la kupuliza na ndimi zake zimo ndani ya vyumba. La chini ni la kuvuta na ndimi zake ziko nje, chini ya kifuniko. Hewa inayovujia kati ya mbao na bamba haifiki kwenye ulimi, na ulimi uliokosa hewa hufanana kabisa na ulimi mbovu. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mbao itengenezwe kwanza, na ndimi ziguswe mwisho.

Wapigaji wa zamani walikuwa wakiloweka kwa sababu mbao ikivimba huziba mianya na sauti huongezeka kwa muda. Lakini ikikauka hunywea kuliko ilivyokuwa, nyufa hutokea, na siku ya pili unahitaji maji tena. Meno yanayokuchuna ni matokeo ya mate na unyevu kufanya kazi hiyohiyo polepole.

Kwa kufungua, tafuta kisu chembamba kisicho na meno. Kipenyeze chini ya kifuniko karibu na msumari, ukizungushe kidogo tu, uhamie upande wa pili, na urudie mpaka msumari ulegee. Kwa mabamba, anzia upande wa nyuma ambako mbao ni nene, wala usiingize kisu kwa kina, kwa maana ndimi za kupuliza zimelala ndani na ncha ya kisu ikizigusa hazitafaa tena. Chomeka misumari kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule iliotoka, kwa kuwa kila mmoja umezoea tundu lake.

Mabamba yaloweke nusu saa katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha yasuuze na uyapige mswaki laini kuanzia kwenye ribiti ya ulimi kuelekea nchani, kamwe si kinyume chake. Kitana chenyewe hakiguswi na maji. Kiache kivulini siku kadhaa kikauke, na kwa hewa ya pwani usiwe na haraka. Wengi hukosea hapa: huyakata meno yakiwa bado yamevimba, na yakinywea yanabaki mafupi nyuma ya ukingo wa bamba, ambao sasa ndio unaokata mdomo. Subiri yakauke, ndipo upunguze kwa msasa kile kilichobaki kutokeza na uviringe pembe kidogo.

Sasa usawa wa uso, ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene. Chora mistari ya penseli juu ya uso mzima wa kitana, pamoja na kila jino, kisha ukisugue kwa mkono mwepesi kufuata urefu wa meno, kwa maana ukisugua kwa kukata meno yatavunjika. Baada ya mivuto michache kitazame: mahali penseli ilipobaki ni bonde, na hapo ndipo hewa ilipokuwa ikitorokea. Mara nyingi utaikuta katikati. Endelea mpaka mstari wa mwisho ufutike, kisha acha, kwa sababu kila unachoondoa hakirudi. Geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo.

Mbao iliyo wazi itavimba tena, kwa hiyo izibe. Napendelea nta safi ya nyuki iliyoyeyushwa katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto moja kwa moja. Zamisha kitana, utaona viputo vidogo vikitoka kwenye ncha za meno, navyo ni hewa inayoiachia nta nafasi. Vikipungua, kitoe na ukifute kingali cha moto, hata ndani ya vyumba. Kikipoa, kipitishe tena kwenye msasa laini ili nta iliyoganda juu isivuruge usawa ulioutafuta. Usitumie vanishi ya samani ambayo hujui imechanganywa nini, kwa kuwa kitu hiki kinaingia mdomoni. Na kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo za Selsiasi, usikiache kinanda ndani ya gari juani.

Misumari ya zamani inaweza kurudi. Tundu likilegea, tia kijiti cha meno chenye gundi ya mbao. Ukitaka kuboresha, badili misumari kwa skrubu ndogo, kama kampuni yenyewe ilivyofanya katika toleo la Deluxe la mwaka 2005.

Tundu la 4, ukiwa umeshasafisha mabamba, huenda limepona tayari. Kama bado, liinue bamba mbele ya taa uangalie mwanga kuzunguka ulimi: unyuzi mdogo au ulimi uliopinda ukagusa ukingo utaonekana. Ncha ya ulimi inapaswa kusimama juu ya bamba kwa kiasi cha unene wake wenyewe. Ulimi ukiwa na ufa kwenye shina, yaani karibu na ribiti, hautibiki, unabadilishwa.

Kuhusu tundu la 5, weka tupa chini kwanza. Vinanda vya zamani vya aina hii vilipangwa ili ukivuta matundu ya 2, 3, 4 na 5 kwa pamoja, noti za G, B, D na F zikae katika uwiano wa 4:5:6:7, na sauti hizo zitulie bila mtetemo. Kwa mpango huo F hukaa chini ya kipimo cha kisasa kwa takriban senti 30 (senti hapa ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni), na simu itaiita mbovu ilhali imewekwa hivyo makusudi. Pima tundu la 9 la kuvuta, ambalo nalo ni F. Likiwa limeshuka kwa kiasi kilekile, usiguse kitu. Likiwa la 5 peke yake ndilo limeshuka, ulimi huo umechoka: ingiza kipande cha bati jembamba chini yake, upunguze shaba kidogo sana nchani ili sauti ipande (ukipunguza karibu na shina itashuka), kisha uuache upoe kabla ya kupima, kwa maana msuguano hupasha joto.

Unapofunga, rudisha misumari ukianzia katikati kwenda pembeni, huku ukiyabana mabamba kwa vidole, na kabla ya kuweka vifuniko kishike kinanda mbele ya taa: mwanga ukionekana kati ya mbao na shaba, fungua urudi kwenye kioo na penseli.