Siku niliyolegeza msimamo ndiyo siku niliyoukosa udiwani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayejiandaa kuwania udiwani katika Manispaa ya Temeke. Baada ya shikamoo, alinieleza kwamba kwa miaka mitatu amewaongoza wazazi wa mtaa wake kupinga baa zinazopiga muziki hadi alfajiri karibu na shule ya msingi, na kwamba watu wanamfahamu kwa jambo hilo kuliko kwa jingine lolote. Sasa wapambe wake wanamtaka apunguze makali, kwa sababu vijana wa bodaboda na wauza chipsi wanaopata riziki yao ya usiku kandokando ya baa hizo hawana chama, na kura zao ndizo zitakazoamua mshindi. "Kaka, nilegeze au nishikilie?" aliuliza.

Nimechelewa kumjibu kwa sababu swali lake limegusa mahali ambapo bado panauma. Mwaka 2015 niligombea udiwani katika kata moja ya Kinondoni inayoteremka hadi Bonde la Msimbazi, nikashindwa kwa kura 61. Naikumbuka vizuri siku niliyoshindwa, nayo haikuwa siku ya kupiga kura.

Jina langu lilitokana na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili la Dar es Salaam. Tulivusha watoto kwa mipira ya matairi, tukabeba wazee mgongoni, na maji yalipopungua nilianza kusema katika kila mkutano wa mtaa kwamba watu wahame bondeni na Serikali iwape viwanja na fidia ya kweli. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, lakini wapo waliorudi bondeni kwa sababu kibarua, wateja na shule za watoto vilibaki mjini. Nilielewa kwa nini walirudi, na bado nikaendelea kusema wahame. Wapo walioacha kuitikia salamu yangu. Hata hivyo, wakati wa kura za maoni ndani ya chama, msimamo huo ndio ulionipitisha, kwa kuwa wanachama wengi walikaa juu, upande wa barabarani, na walikuwa wamechoka kupokea ndugu waliofurushwa na maji kila masika.

Kampeni ilipoanza, hesabu ikabadilika. Meneja wangu alifungua daftari la kaunta, akanionyesha idadi ya wakazi wa bondeni wasiofungamana na chama chochote, kisha akafunga daftari bila kusema neno. Nilimwelewa. Jioni moja ya Septemba, nikiwa nimesimama juu ya gari la matangazo, bibi mmoja mwenye kanga alinyoosha mkono akauliza: "Mwanangu, tukikupa kura zetu, nyumba zitabomolewa au hazitabomolewa?" Nilimjibu kwamba suala hilo lingeangaliwa kwa kina kwa kuwashirikisha wadau wote. Watu walipiga makofi, muziki ukafunguliwa, nami nikashuka nikiamini nimecheza kwa akili. Yule bibi hakupiga makofi. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama muuza samaki anayekataa kufunua ndoo.

Oktoba, matokeo yalipobandikwa nje ya vituo, nilipita kimoja baada ya kingine na tochi ya simu. Bondeni nilipata kura chache kuliko nilizotarajia hata kabla ya kulegeza, maana mpinzani wangu aliwaahidi waziwazi kwamba hakuna tofali litakaloguswa. Kule juu, ambako nilidhani kura zimo mfukoni, watu wangu hawakunipinga, ila wengi hawakutoka nyumbani. Kinyozi wangu alikiri baadaye kwamba alishinda akikata nywele siku nzima, kwa sababu, kwa maneno yake, nilianza kuuma na kupuliza. Desemba ya mwaka huohuo bomoabomoa ilianza Mkwajuni, humohumo bondeni, nyumba zikiwa zimepigwa alama ya X nyekundu, na ile ahadi ya tofali haikumsaidia mtu. Sikufurahi. Ningedanganya, hata hivyo, nikisema kwamba sikumfikiria mpinzani wangu siku hiyo.

Baada ya hapo nilisoma mambo haya kama mtu anayetafuta kesi yake mahakamani. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs alieleza kwamba, wapiga kura wakipangwa kwenye mstari mmoja na wagombea wakiwa wawili, kila mgombea atavutwa kuelekea katikati, kwa kuwa anayempata mpiga kura wa katikati ndiye anayeshinda. Hesabu hiyo ni nzuri iwapo watu wote watajitokeza kupiga kura na wote wataamini unachosema. Katika kata yetu lilikosekana la kwanza na la pili. Tena wale tunaowaita watu wa katikati hawakuwa na maoni ya nusu kwa nusu. Yule bibi alikuwa na swali moja tu, na lilihitaji jibu moja.

Haki inanilazimu nikiri kwamba ukaidi nao una gharama yake. Barry Goldwater, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 1964 bila kupunguza makali yake, aliambulia majimbo 6 kati ya 50. Chama cha Labour cha Uingereza kilibadilisha mwaka 1995 kifungu cha katiba yake kilichohusu umiliki wa umma wa njia za uzalishaji, na mwaka 1997 kikashinda kwa kishindo. Angalia lakini namna kilivyofanya: kilibadilika mchana kweupe, kwa kura ya chama, miaka miwili kabla ya uchaguzi, na aliyechukia alipata muda wa kuchukia na kurudi. Mimi nilibadilika juu ya gari la matangazo, zikiwa zimebaki wiki tano.

Na hapa kwetu, mwaka huohuo wa 2015, upinzani, uliojulikana kwa kupiga vita ufisadi, ulimsimamisha kuwania urais Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyejiuzulu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa amepata takriban asilimia 27 akiwa mgombea urais wa Chadema mwaka 2010, alijitenga kwa kutokubaliana na hatua hiyo. Lowassa alipata karibu asilimia 40, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na vyama vinne kuungana, na John Magufuli akashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Kura mpya zilipatikana, Ikulu haikupatikana. Wapo watakaosoma tarakimu hizo kinyume na ninavyozisoma mimi, na siwalaumu.

Kwako wewe, mdogo wangu wa Temeke, na kwa wengine mnaoota udiwani au ubunge kama nilivyoota mimi: legezeni lugha, legezeni sauti, ongezeni mambo mengine ya kuzungumzia, lakini msiliguse lile jambo moja ambalo watu wanawajua kwalo. Ukiwa huna hakika ni jambo lipi, muulize kinyozi au msusi wako. Kaeni na wale watakaoumizwa na msimamo wenu kabla ya kampeni, mwaambie usoni kwamba mtawaumiza, na mtawafidia kwa kitu gani. Sisi wagombea tuna ugonjwa wa kudhani kwamba mpiga kura asiye na chama hana kumbukumbu. Anayo, tena ndefu kuliko ya mwanachama, kwa kuwa hana kadi ya kumsahaulisha. Narudia: msiliguse lile jambo.

Ningeweza kumjibu msomaji wangu kwa mistari miwili, lakini kura 61 hazisimuliki kwa mistari miwili. Nimemwandikia jana usiku kwamba awaite wauza chipsi na vijana wa bodaboda kabla hawajaitwa na mpinzani wake, awaambie kwamba muziki utazimwa saa nne usiku akishinda, kisha awaulize wanataka taa na maegesho yao yawekwe wapi. Amenijibu kwamba meneja wake amekasirika, na kwamba kikao ni Jumamosi, uani kwa mama yake.