Unayeanza Go, tazama kwanza kifuniko cha bakuli

Wewe uliyeanza juzi Go, ule mchezo wa ubao wa kuzungushia eneo kwa kete nyeusi na nyeupe, na tayari unakesha kutazama mabingwa wakicheza, usikodolee macho katikati ya ubao tu. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Nikazijua hatua zote za kisasa za kufungulia mchezo, na bado nikawa nafungwa na watoto wa shule. Nilichokosa kilikuwa pembeni ya ubao: bakuli la kete, kifuniko chake, saa, na ile karatasi ya kanuni ambayo kila mtu anaikunja na kuitia mfukoni.

Chukua fainali ya LG Cup, mashindano ya kimataifa ya Go, Korea Kusini, Januari 2025. Ke Jie wa China alikuwa ameshamfunga Byun Sang-il wa Korea mchezo wa kwanza kati ya mitatu, amebakiza mmoja tu abebe kombe. Mchezo wa pili akateka kete na hakuziweka kwenye kifuniko cha bakuli. Akakatwa pointi 2. Akasahau tena. Kwa kanuni ambayo Wakorea walikuwa wameianza miezi michache tu nyuma, kosa la pili ni kufungwa, basi mchezo ukaishia hapo. Kesho yake, mchezo wa tatu, kosa lilelile, pointi 2 tena. Safari hii akalalamika kwamba mwamuzi ameusimamisha mchezo wakati mbaya, mpinzani akapata nafasi ya kufikiri. Akagoma kuendelea, kombe likaenda kwa Byun. Wachina walikataa kuyatambua matokeo, na Wakorea wenyewe baadaye wakaiondoa adhabu ya kufungwa kwa sababu ya kifuniko.

Kwangu mimi adhabu ile ilikuwa kali mno kwa fainali. Ila kifuniko chenyewe si urembo. China wanahesabu kete zako zilizobaki ubaoni pamoja na eneo ulilolizungushia, kwa hiyo kete ulizoteka hazina kazi tena. Unaweza kuzitupa popote. Korea na Japani wanahesabu eneo tupu, na mwisho wa mchezo kete ulizoteka zinarudi kujaza eneo la mpinzani wako. Kila mateka mmoja ni pointi moja. Mpinzani wako ana haki ya kutupa jicho wakati wowote na kuona unao wangapi.

Sisi tuliokulia kwenye bao tuna mtego wa ziada. Kwenye bao ukila kete unazisambaza upande wako, zinaendelea na kazi. Kwenye Go zikitoka zimetoka, na mkono unataka kuzisahau.

Wangu ulizisahau. Nilijifunzia China, bwenini, ambako kete tukishateka tunazirusha kwenye bakuli la mwenzio huku tunapiga soga. Mashindano yangu ya kwanza ya nje ya bweni yalifuata hesabu ya Kijapani. Nilikaa na mzee mmoja mpole, nikacheza mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Tulipomaliza akanionyesha kidole kifuniko changu. Kitupu. Kete zake 7 nilizoziteka nilikuwa nimezirudisha bakulini kwake, moja moja, kwa mkono wangu. Nilifungwa kwa pointi 3 na nusu.

Saa nayo ina mambo yake. Ing Cup, kombe jingine la kimataifa ambalo tajiri wa Taiwan Ing Chang-ki alilianzisha mwaka 1988, huchezwa kila baada ya miaka 4 na mshindi huondoka na dola 400,000. Kule muda ukikuishia huhesabiwi sekunde: unanunua muda mwingine kwa pointi 2. Kwa watu ambao wanafungana kwa nusu pointi, hiyo ni bei ya kuruka. Jaribu nyumbani. Jiwekee dakika 30, ukizipita jikate pointi 2, uone utakavyoanza kuwa bahili wa kufikiria hatua ambazo jibu lake ulishalijua.

Halafu hesabu. Tangu programu ya kompyuta ya AlphaGo imfunge bingwa wa Korea Lee Sedol 4 kwa 1 mwaka 2016, matangazo karibu yote yanaweka pembeni asilimia ya nani anaongoza. Inalemaza. Mimi nimebandika kipande cha karatasi kwenye kioo cha kompyuta, pale pale inapokaa ile namba. Mchezo ukifika hatua ya 100 nasimamisha, nahesabu mwenyewe, ndipo nafunua. Mwanzoni nilikuwa nakosea kwa pointi 20.

Na kama kisingizio chako ni kazi, mtafute Ichiriki Ryo, mchezaji wa Japani. Ameajiriwa kwenye gazeti la familia yao huko Sendai, Kahoku Shimpo, na mwaka 2024 alimfunga Xie Ke wa China 3 kwa 0 akachukua Ing Cup, taji la kwanza kubwa la kimataifa kwa Japani tangu 2005. Sisemi utamfikia.

Siku ya mashindano yako ya kwanza, kabla hujaketi, uliza: tunahesabu vipi, mweupe, kwa kuwa anacheza wa pili, anaongezewa pointi ngapi, mateka wanakaa wapi. Mzee wangu nilikutana naye tena mwaka uliofuata. Nilikuwa sijafungua hata mdomo, akakivua kifuniko cha bakuli langu, akakigeuza juu chini, akanisogezea mpaka kikagusa kidole.