Ukisema "nimechoka", sema umechoshwa na nini

Nina miaka 14 katika uuguzi, minne ya mwisho nikiwa mkuu wa wodi kwenye hospitali moja hapa Dar es Salaam. Ratiba ya zamu naipanga mimi, kwa hiyo manung'uniko yote yanaishia mezani kwangu. Kwa muda mrefu niliamini yote ni mshahara.

Usiku mmoja nilimkuta dada wa zamu kwenye chumba cha kuoshea vyombo, ameinamia sinki anakamua maziwa, gauni limelowa kifuani. Mtoto wa miezi minne yuko Mbagala kwa bibi yake. Barua ya kuacha kazi alikuwa nayo tayari kwenye mkoba. Hakutaja mshahara hata mara moja. Alitaja zamu za usiku zilizofuatana, na kusimama peke yake kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri akiwahi zamu ya asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Hakujua, na mimi mkubwa wake sikuwahi kumwambia. Hilo linaniuma hadi leo.

Wanaume nao wana yao. Mgonjwa mzito wa kugeuzwa, mlevi wa kushikwa, mtungi wa oksijeni wa kusogezwa: "Muiteni kaka!" Huyo huyo kaka akiingia wodi ya wazazi, ndugu wanamwambia asubiri nje. Kaka wa wodi yetu aliniambia, "Sista, mgongo umekwisha." Nilimwona mvivu.

Mishahara serikalini haiangalii jinsia, ngazi ni zile zile. Upendeleo unapenya kwingine: nani anaitwa semina, nani anaruhusiwa kwenda kusoma. Na msemo kwamba wanaume ndio wenye majukumu siukubali. Wauguzi wa kike wengi ninaowafahamu ndio wanaolipa kodi ya nyumba na ada.

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujaandika barua, chukua daftari dogo. Kwa mwezi mzima, kila ukitoka zamu, andika jambo moja lililokufanya utamani kuacha. Utashangaa linavyojirudia. Lipeleke hilo kwa mkuu wako kwa maandishi, nakala ibaki kwako, na akikaa kimya nenda tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Kama una ujauzito, kumbuka miezi 2 kabla ya kujifungua hutakiwi kupangwa usiku.

Nanyi wakuu wa wodi, kaeni na wanawake peke yao, na wanaume peke yao. Dada hatazungumzia maziwa mbele ya kaka, na kaka hatakiri mgongo mbele ya dada.

Yule mama bado tuko naye. Kaka nilimchelewa, sasa yuko duka la dawa. Siku hizi ratiba naibandika ukutani siku kumi kabla ya mwezi kuanza, imeandikwa kwa penseli.