Namna ya Kuionja Xinomavro, Divai Inayoyahadaa Macho

Mtu aliyezoea divai nyekundu za Cabernet Sauvignon, Merlot au Syrah, akimiminiwa Xinomavro kwa mara ya kwanza, huitazama glasi na kutoa hukumu kabla hajaonja. Rangi yake ni hafifu kiasi kwamba vidole huonekana upande wa pili wa glasi, na pembezoni mwake huwa na wekundu wa matofali hata kama imepita miaka michache tu tangu zabibu zilipovunwa. Katika divai nyingine dalili hizo zingemaanisha kwamba imezeeka au kwamba ni dhaifu. Katika Xinomavro hazimaanishi lolote kati ya hayo mawili, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuielewa zabibu hii ni kwamba macho yasipewe nafasi ya kuamua.

Xinomavro ni zabibu nyeusi ya kaskazini mwa Ugiriki, na nje ya nchi hiyo hupandwa kwa nadra sana. Ganda lake lina rangi kidogo, tena rangi isiyodumu, lakini tanini yake, yaani kile kinachokausha kinywa kwa ukakasi, ni nyingi na uchachu wake ni mkali. Katika zabibu nyingi maarufu, rangi nzito na tanini nyingi huandamana, ndiyo maana jicho la mwonjaji limejifunza kukiandaa kinywa kwa kitakachofuata. Hapa mambo hayo mawili yameachana, na anayesubiri divai laini kwa sababu ameona rangi nyepesi hushtuka, kisha huilaumu divai isiyo na kosa.

Kwa hiyo tuanze na kinywa, kwa kuwa ndiko mambo yote muhimu yalipo. Piga funda dogo, lizungushe taratibu mpaka lifike kwenye fizi na chini ya ulimi, halafu limeze au liteme, kisha nyamaza kidogo kabla ya kusema chochote. Kitakachotangulia ni uchachu, nao hufanya mate yatoke kwa wingi. Nyuma yake hufuata ukakasi wa tanini, ambao kazi yake ni kinyume kabisa: tanini hushikamana na protini zilizomo kwenye mate, utelezi wa kinywa ukapungua, na fizi zikakauka kama baada ya kunywa chai iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika. Waonjaji wengi wapya huyachanganya haya mawili wakayaita yote ukali. Kuyatenganisha ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika kuionja Xinomavro, kwa sababu moja huchangamsha kinywa na jingine hukibana, na uzuri wa divai hii hutokana na mvutano baina yao.

Mimi sitoi uamuzi kwa funda la kwanza. Kinywa kinahitaji kuizoea tanini, na funda la tatu huwa na mambo mengi zaidi ya kueleza kuliko la kwanza. Ninachokitafuta ni jambo moja: ukakasi ukishapungua, je, kuna ladha iliyobaki? Katika chupa nzuri, matunda na viungo hurudi baada ya ukavu kupita, na hudumu kwa muda. Katika chupa iliyotokana na zabibu zilizovunwa kabla ya kukomaa, kinachobaki ni ukavu mtupu wenye uchungu wa mbegu mbichi. Zabibu hii huchelewa kuiva, na mvua za vuli zikiwahi kufika, mkulima hulazimika kuchagua kati ya kuvuna mapema na kuhatarisha mavuno yake; ndiyo maana mwaka wa mavuno una uzito mkubwa katika Xinomavro.

Kuhusu harufu, msomaji ajitayarishe kukutana na kitu asichokitarajia kwenye divai nyekundu, nacho ni nyanya. Nyanya zilizokaushwa juani, zeituni, majani makavu ya viungo, na pembeni yake waridi, stroberi na plamu: huo ndio mkusanyiko unaoitambulisha zabibu hii. Wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo. Kwangu mimi harufu hiyo ya nyanya ndiyo inayoipa hadhi yake, kwa kuwa huiondoa divai kwenye utamu wa jamu na kuipeleka karibu na chakula. Anayeanza asihangaike kutaja majina mengi ya matunda. Ajiulize kwanza kama anachokinusa ni tunda bichi, tunda lililoiva au tunda lililokaushwa, na jibu hilo peke yake litamwambia mengi kuhusu umri wa divai na joto la mahali ilipotoka.

Mahali nako kuna tofauti kubwa. Jina linalojulikana zaidi ni Naoussa, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Vermio, eneo ambalo jina lake linalindwa kisheria tangu 1971 na ambalo divai yake nyekundu lazima itokane na Xinomavro tupu. Divai za huko ndizo zenye tanini ngumu zaidi na zinazostahimili miaka mingi. Upande mwingine wa mlima, Amyndeo iko juu zaidi, kwenye uwanda wenye maziwa, hewa ya baridi na udongo wa kichanga. Divai zake ni nyepesi zaidi, zina harufu ya maua, na huko zabibu hiyohiyo hutengenezewa pia divai yenye rangi ya waridi na ile yenye mapovu. Goumenissa huichanganya na zabibu iitwayo Negoska, ambayo hupunguza makali yake, na Rapsani, chini ya Mlima Olympus, huichanganya na Krassato na Stavroto. Kwa maoni yangu anayeanza aende kwanza Amyndeo au Goumenissa, ajifunze tabia ya zabibu bila kupigana nayo, ndipo aikabili Naoussa.

Namna ya kuiandaa haina siri kubwa, ila joto halipaswi kupuuzwa. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zinatosha; ikiwa baridi kuliko hapo tanini huwa ngumu na harufu hujificha, na ikiwa na joto kupita hapo pombe hutangulia mbele ya kila kitu. Tumia glasi pana yenye mdomo unaobana kidogo ili harufu zikusanyike. Chupa changa ya Naoussa huimimina kwenye jagi la kioo saa moja au mbili kabla ya kunywa, na sehemu ya chupa ninaiacha makusudi mpaka siku inayofuata, ikiwa imezibwa vizuri, kwa sababu mara nyingi siku ya pili ndipo waridi hujitokeza na tanini hutulia.

Tena divai hii isionjwe peke yake tu. Protini na mafuta ya chakula huikamata tanini kabla haijayafikia mate, na ukakasi uliokuwa ukisumbua huonekana kama umeyeyuka. Nyama ya kondoo iliyookwa, maharage yaliyopikwa polepole, uyoga na jibini gumu lililokomaa vyote huifaa. Kinachonivutia zaidi ni mchuzi wa nyanya, ambao huzifanya divai nyekundu nyingi zionekane butu kwa sababu ya uchachu wake. Xinomavro ina uchachu wa kutosha kukutana nao uso kwa uso. Pilipili kali huikuza tanini na joto la pombe, kwa hiyo ningeiepuka.

Mwenye subira na mahali penye ubaridi usiobadilikabadilika anaweza kuiweka chupa nzuri ya Naoussa kwa miaka 10 na zaidi. Baada ya muda huo stroberi hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na ngozi, tumbaku, uyoga na tini kavu, huku uchachu ukibaki vilevile na kuifanya divai isichoke. Chupa ya umri huo isimamishwe wima siku moja kabla ili mashapo yatue chini, ifunguliwe bila kutikiswa, na imiminwe polepole huku taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, mpaka pale mashapo yanapoanza kuikaribia shingo. Haihitaji kukaa kwenye jagi kama changa, kwa kuwa harufu za uzee huisha upesi zikishapata hewa. Imimine moja kwa moja kwenye glasi, uanze kuinusa papo hapo, na urudi kwenye glasi hiyo kila baada ya dakika chache, maana katika saa ya kwanza itakuwa ikibadilika.